Mjomba Ameondoka, Baba Hajafika

Ukimwuliza mzee wa Lunga Lunga habari za mwanawe wa kiume, aghalabu atakujibu kwa neno moja: "Yupo." Na ukimwendea mwana huyo kwenye kituo cha bodaboda, karibu na mpaka, ukamwuliza habari za babake, naye atakujibu lile lile: "Yupo." Wanakaa ua mmoja, wanachota maji kisima kimoja, na Ijumaa wanasali msikiti mmoja, pengine hata safu moja. Lakini mazungumzo yao huanzia kwenye "Shikamoo, baba" na kukomea kwenye "Marahaba." Mengine yote hupitia kwa mama.

Nimekaa katika baraza nyingi za pwani hii ya kusini, toka Msambweni hadi Vanga, na nimesikia sababu nyingi zikitajwa. Wazee husema vijana wameharibika kwa simu, kwa miraa na kwa pesa za watalii wa Diani. Vijana nao husema wazee ni wagumu, hawaambiliki, na wanauza mashamba kwa siri. Kila upande una lake, wala hakuna asemaye uongo mtupu. Lakini iko sababu moja iliyo kongwe kuliko simu na kuliko hoteli, nayo haitajwi sana kwa kuwa inagusa mila ambayo wengi wetu twadhani imekwisha kufa. Sababu hiyo ni mjomba.

MALI YA UPANDE WA MAMA

Msomaji wa Lamu au wa Unguja huenda akashangaa. Basi na tueleze. Wadigo, ambao makao yao yanaanzia Likoni na kushuka hadi Tanga, kwa desturi yao ya kale walirithishana kwa upande wa mama. Mtu akifa, mali yake haikwenda kwa watoto wake wa kuzaa. Ilikwenda kwa nduguze wa tumbo moja, na baada yao kwa wana wa dada zake. Mrithi alikuwa mpwa. Jirani zao Waduruma walikuwa na njia ya pande mbili: ardhi ilifuata upande wa baba, na mifugo na mali nyingine ya kuhamishika ikafuata upande wa mama.

Tusiicheke desturi hiyo. Ilikuwa na mpango wake, na kila mtu alijua mlango wake ni upi. Kijana akitaka kuoa, akitaka mahali pa kulima, au akiingia katika deni, wa kumtazama alikuwa mjombake. Baba alimlea mwanawe, alimlisha, alimfunza jembe na mtego, lakini funguo za urithi wake hakuwa nazo. Kwa hivyo walipopendana walipendana tu, na walipokosana hapakuwa na hesabu ya mali iliyowangoja. Kijana aliyeshindwana na babake aliweza kufunga kifurushi chake akaenda kukaa kwa mjomba, wala hakuna aliyemwita mtoro.

Lakini desturi hiyo nayo ilikuwa na mwiba wake. Mnazi mrefu wa kienyeji haukupi nazi mwaka uupandao. Wauchimbia shimo, waumwagilia maji, waukinga na ngedere na nguruwe, na miaka sita au saba hupita kabla hujaangua dafu la kwanza. Baba alifanya kazi hiyo na mwanawe ubavuni, mtoto akichota maji kwa kibuyu. Kisha siku ya kufa kwa baba, mnazi ule ukawa wa mtoto wa shangazi, ambaye pengine hakujua hata umepandwa upande gani wa kisima. Yule aliyechota maji akabaki anautazama.

SHERIA ILIPOINGIA

Uislamu ulienea kwa Wadigo kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 19 na katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, ukitokea katika miji ya mwambao. Na ulipokuja ulikuja na mirathi yake. Katika Sura ya An-Nisaa, Mwenyezi Mungu ametaja mafungu ya warithi na wenye kuyastahiki, na hakumwachia mtu nafasi ya kubuni yake.

Tuchukue mfano wa mtu wa kawaida. Mzee amekufa, wazazi wake walikwisha kutangulia, naye ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya kulipa gharama za maziko, madeni na wasia, imesalia minazi 40. Mke ana thumuni, yaani minazi 5. Inabaki 35, ambayo hugawanywa mafungu matano: kila mwana mafungu mawili, na binti fungu moja. Basi kila mwana anapata minazi 14, na binti minazi 7. Hesabu imekwisha, na mtoto wa chuoni aweza kuifanya mchangani kwa kijiti.

Katika hesabu hiyo mpwa hayumo. Maadamu watoto wapo, mwana wa dada hana fungu la urithi. Hata hivyo sheria haikumfungia mlango kabisa. Mwenye mali ana ruhusa ya kuusia hadi thuluthi moja ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi, na mpwa aliyemtumikia mjombake aweza kukumbukwa hapo.

Usidhani kwamba mila iliinama siku moja. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, desturi na sheria zilikaa katika nyumba moja kama wake wenza. Wako wazee walioshika hii, na wako walioshika ile. Baba Mwislamu aliyewaogopa wapwa zake alianza kumpa mwanawe minazi na mahali pa kulima angali hai, ili mauti yakija wapwa wasikute kitu. Wapwa wakanung'unika, nao walikuwa na haki ya kunung'unika kwa mujibu wa mila waliyokulia. Mashauri yakapelekwa kwa wazee, kwa makadhi na kwa wakubwa wa serikali ya kikoloni.

Baada ya uhuru, sheria ya nchi nayo ilizungukazunguka kabla haijatulia. Sheria ya Mahakama za Kadhi ilitungwa mwaka 1967. Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, na Waislamu wa Kenya waliipinga kwa kuwa iliwafunga katika kanuni zisizokuwa za dini yao. Marekebisho ya mwaka 1990 ndiyo yaliyokubali kwamba mali ya Mwislamu aliyekufa igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Mwisho ikaja Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika ibara ya 170 imeziweka mahakama za Kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu wanaokubali hukumu yake.

KITI KITUPU

Kwenye karatasi, basi, shauri limekwisha. Mjomba ameondoka na baba ndiye arithiwaye. Lakini hapa ndipo nitakapo msomaji atulie kidogo.

Mjomba wa zamani hakuwa sanduku la mali tu. Alikuwa na kazi. Alimwita mpwawe, akamkalisha, akamwambia: shamba letu linaanzia kwenye mbuyu ule na kuishia kwenye kijito kile, fulani tunamdai, na fulani anatudai, ukioa, mahari yatatoka hapa. Kurithiwa kulikwenda pamoja na kusema. Mpwa alijua yaliyoko mbele yake hata kabla hajaota ndevu.

Sheria ilimpa baba haki ya kurithiwa na mwanawe. Ile kazi ya kusema hakuna aliyempa. Yeye mwenyewe alilelewa na baba asiyesema, kwa kuwa zamani haikuwa kazi ya baba kusema. Basi naye amekaa vivyo hivyo, akidhani kimya ndiyo heshima. Mjomba naye, akiulizwa siku hizi, hujibu: "Mimi si wa kurithiwa nawe, mpwa wangu. Nenda kwa babako." Kijana huenda, akakuta kiti kitupu. Mjomba ameondoka, na baba hajafika.

Yangekuwa mepesi haya kama ardhi ingebaki ilivyokuwa. Zamani pwani hii ardhi ilikuwa kitu kimoja na miti ilikuwa kitu kingine. Mtu aliweza kumiliki mikorosho na miembe katika shamba la mwenzake, na mashahidi walikuwa majirani. Zikaja sheria za kusajili ardhi za mwaka 1963 na za kupima mashamba za mwaka 1968, na pale zilipofika, shamba likawa na cheti, na cheti aghalabu kikawa na jina moja. Mara nyingi jina hilo ni la baba. Cheti hakijui nani alichota maji.

Na thamani nayo ikapanda. Hoteli zilisimama Diani, na viwanja vya ufuoni vikawa mali ya watu wa mbali. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, watu wakarudi kwenye jembe. Kisha miaka mingi baadaye kikaja kiwanda kipya, na miwa ikataka ardhi tena. Madini ya titani ya Kwale yalianza kusafirishwa mwaka 2014, na uchimbaji wake ukakoma mwishoni mwa 2024. Lunga Lunga nayo, pamoja na barabara yake na malori yanayongoja kuvuka kwenda Horohoro, si kijiji cha kupita tu. Ekari ambayo babu hakuiona kuwa ni kitu, leo mtu hupigiwa simu kutoka Nairobi kuulizwa bei yake.

Hapo kimya kikawa ghali. Kijana anahesabu moyoni. Akiuliza habari za shamba, ataambiwa anamwombea babake kifo. Asipouliza, anaogopa siku moja kumkuta mpimaji na kamba yake akitia vigingi. Mzee naye anahesabu. Akionyesha mipaka, anaogopa mwana atauza kipande ili anunue pikipiki. Asipoonyesha, anajua kwamba akifa, majirani ndio watakaoonyesha, nao wataonyesha watakavyo. Wote wawili wana hofu, na hofu zao hazijawahi kukutana wakaambizana. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

MSHINDO WENYEWE

Mshindo huo tumeusikia, na haufai kufunikwa kwa heshima. Katika miaka hii ya 2000, zaidi kule Kilifi lakini hapa Kwale pia, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Maafisa wa serikali na watetezi wa haki za binadamu wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya neno "mchawi" kuna shamba, na kwamba miongoni mwa wanaoshukiwa wamo jamaa wa damu, hata watoto wa kuzaa. Huko Kaya Godoma, katika Kilifi, wazee waliokimbia nyumba zao wamepewa hifadhi. Hebu tulifikirie hilo: mtu aliyezaa, akajenga, akapanda, analala ugenini kwa kuogopa mtoto aliyembeba mgongoni.

Kwa mwenye tamaa, na ajue sheria inasemaje. Katika fiqhi, muuaji hamrithi aliyemwua. Katika sheria ya nchi, kifungu cha 96 cha Sheria ya Urithi kinasema vivyo hivyo. Kwa hivyo anayemwaga damu ya mzee ili apate shamba, dini haimpi hata mnazi mmoja, na serikali haimpi hata shubiri. Anachokipata ni jela hapa, na huko mbele ni hesabu ambayo hakuna wakili awezaye kuisimamia.

Nyumba nyingi, alhamdulillahi, hazifiki huko. Zinafika mahali padogo zaidi: mwana asiyekuja mazikoni, ndugu wanaokutana mahakamani Kwale kila baada ya miezi mitatu, dada aliyenyimwa fungu lake na kaka zake, akaambiwa "wewe umeolewa, una kwako." Na hilo la dada ni dhuluma iliyo wazi. Kaka anayelia kwamba babake hakumtendea haki, kisha akameza minazi saba ya dada yake, hana mdomo wa kumlaumu maiti.

HATA WAFALME

Atatokea mtu aseme haya ni mambo ya maskini wanaogombea nusu ekari. La. Hata majumba ya wafalme waliotawala mwambao huu hayakusalimika.

Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, akiwa safarini kutoka Maskati kuja Unguja. Mwanawe Thuwaini alikuwa ameshika Maskati, na mwanawe Majid ameshika Unguja. Lakini nani awe juu ya nani, jambo hilo halikuwa limefungwa likafungika. Ndugu wakagombana. Mwaka 1859 Barghash, mwana mwingine, akajaribu kumpindua Majid, akashindwa na kupelekwa Bombay. Mwisho mwamuzi akawa Lord Canning, mtawala Mwingereza wa Bara Hindi. Mwaka 1861 aliamua kwamba Unguja na Omani zitengane, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Watoto waliposhindwa kugawana, mgeni aliwagawia. Mwaka 1866 Thuwaini akauawa huko Sohar, na aliyeshika kiti ni mwanawe Salim, ambaye alilaumiwa kwa damu ya babake.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka unaoanzia kwenye mdomo wa mto Umba. Mpaka huo ndio upitao leo baina ya Lunga Lunga na Horohoro, ukawaacha Wadigo wengine huku na wengine kule. Sisemi kwamba ugomvi wa watoto wa Seyyid Said peke yake ndio uliouchora. Nasema nyumba iliyokwisha kugawanyika ni rahisi kukatwa.

Na tuje karibu zaidi. Wengi wetu tuna jamaa Maskati, na wanajua kisa hiki. Sultani Said bin Taimur, aliyeshika utawala mwaka 1932 baada ya babake kujiuzulu, alikuwa na mwana mmoja wa kiume, Qaboos. Alimpeleka Uingereza, akasoma katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Mwana aliporudi mwaka 1964, babake alimweka Salala, akamtenga na kazi zote za utawala. Alimwachia vitabu vya dini na historia, na wageni wachache wenye kibali. Miaka sita ikapita hivyo. Tarehe 23 Julai 1970 mwana akampindua babake, Waingereza wakiwa nyuma yake. Mzee akapelekwa London, na huko akafa mwaka 1972, mbali na nchi aliyoitawala kwa miaka 38.

Wako wasemao mwana alifanya jema, kwa kuwa Omani ilikuwa gizani; barabara, shule na hospitali zilikuja baada ya hapo, na Waomani wengi waliotawanyika, wakiwamo waliokuwa Zanzibar na Afrika Mashariki, wakaitwa warudi. Wako wasemao baba ni baba. Mimi si kadhi wa shauri hilo. Ninachokiona ni kwamba baba alimsomesha mwanawe kazi, kisha akamnyima kazi na akamnyima neno.

Qaboos mwenyewe hakuacha mtoto. Alipofariki tarehe 10 Januari 2020, ilijulikana kwamba alikuwa ameandika barua na kuifunga, akitaja jina la wa kumfuata endapo jamaa wangeshindwa kuafikiana. Barua ilifunguliwa, likakutwa jina la Haitham bin Tariq, binamu yake, na siku ya pili nchi ikawa na sultani bila risasi hata moja. Aliyeonja ukimya wa babake hakutaka kuuacha nyuma yake.

LA KUFANYA

Sisi hatuna falme za kuandikia barua. Tuna mashamba, miti, nyumba za makuti na za mabati, na majina yetu. Lakini dawa ni ile ile, na dini yetu imekwisha kutupa vipimo vyake.

Kwanza, uadilifu. Imepokewa kwamba sahaba Bashir alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akitaka awe shahidi wa zawadi aliyompa mwanawe Nu'man. Mtume alimwuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wake. Aliposema hapana, Mtume alikataa kushuhudia, akawahimiza watu wamche Mungu na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Mzee anayempa mwana mmoja kwa siri ajue kwamba amepanda ugomvi utakaozaa kuliko mnazi.

Pili, hiba iwe hiba. Wako wazee wamwambiao kijana, "Kile kipande cha kule juu ni chako," kisha wanaendelea kukilima na kukiuza mazao yake. Katika madhehebu yetu ya Shafi hiba haitimii mpaka aliyepewa akabidhiwe. Mzee akifa kabla ya kukabidhi, kipande kile kinarudi katika mirathi, na kijana atabaki na maneno. Ukitoa, toa, na iandikwe, na mashahidi wawepo.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, baba na aseme. Kusema si kugawa. Kwa sheria ya dini na ya nchi, mtoto hana haki ya urithi katika mali ya mtu aliye hai, na baba ana haki ya kubaki na shamba lake mpaka pumzi ya mwisho. Lakini aweza asubuhi moja kuwachukua wanawe, wa kiume na wa kike, akapita nao mpakani mguu kwa mguu: hapa ni kwetu, pale ni kwa fulani, mkorosho huu si wetu, deni langu ni hili, cheti kiko mahali hapa. Kazi hiyo haigharimu senti moja, na inakata kesi ya miaka kumi.

Na mjomba aitwe. Ndiyo, yule yule. Yeye sasa hana fungu wala hana tamaa. Ni shahidi mwema kuliko wote, na kijana humsikiliza. Aliyekuwa mrithishaji na awe mpatanishi. Babu naye, kama yuko hai, ana ruhusa ambayo baba hana: baina ya babu na mjukuu kuna utani, na neno zito likipita katika utani huteremka bila kukwama.

Kwa vijana nina neno moja, nalo ni gumu. Njia ya kumwuliza babako habari za shamba si kumwuliza shamba. Shika jembe kwanza. Palilia, tengeneza ua, angua nazi, kisha useme, "Baba, nionyeshe mpaka nisije nikamdhulumu jirani." Mzee anayesikia hivyo hasikii harufu ya sanda. Nabii Ibrahim alitofautiana na babake katika jambo kubwa kuliko yote, la kumwabudu Mungu mmoja, na hata hivyo Qurani inatuonyesha kwamba alimwita kwa upole, "baba yangu", mara kwa mara. Sisi tunatofautiana kwa sababu ya ekari mbili, na tunashindwa hata kuketi mkeka mmoja.

Na kwa wazee, Luqman ni mfano wenu. Hakuelezwa katika Qurani kwa wingi wa mali aliyomwachia mwanawe. Alielezwa kwa maneno aliyomwambia, tena kwa jina la mapenzi. Mtume naye, alipombusu mjukuu wake Hasan, palikuwa na mtu aliyejigamba kwamba ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja; akaambiwa kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Ukali una mahali pake katika malezi, lakini mtoto mwenye ndevu halelewi kwa ukali tena. Huyo hushauriwa.

Watu wetu husema radhi ni bora kuliko mali, na kwa kawaida methali hiyo hupigiwa mwana ili amwogope babake. Ni sawa. Lakini radhi hutolewa kwa ulimi, na mzee akifa kimya, mwana hatajua kama aliipata au hakuipata. Minazi 14 itahesabika na kadhi siku moja. Neno ambalo halikusemwa hakuna mahakama itakayoligawa.